Magari ya Zamani kwa Ajili ya Nyumba Salama

(Maelezo yaliyotolewa Musoma mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili)



Tumepewa nafasi ya kueleza wazo ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu: msafara wa magari ya zamani utakaopita Musoma, Butiama na Bunda ili kuchangia matunzo ya wasichana wanaokimbia ukeketaji. Tunajua wapo walioguna. Wengine wameuliza kama kanisa sasa linaingia kwenye mbio za magari. Haliingii. Lakini swali hilo ni la haki, na tutaanza nalo.

Mbio za magari Afrika Mashariki zilianza kujulikana mwaka 1953, yalipoandaliwa mashindano ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo yaliyokuja kuwa Safari Rally. Wazee hapa watakumbuka kwamba Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na tena 1967 akiendesha Peugeot 404, ndugu wa zile pikapu zilizobeba abiria, mbuzi na magunia katika barabara zetu kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2003 yapo pia mashindano ya magari ya kale ya safari hiyo. Hayo yote ni ya mwendo kasi, na kwa mwendo kasi sisi hatuna uwezo, hatuna kibali, wala hatuna hamu.

Mfano tunaoutaka ni mwingine. Nchini Kenya, tangu mwaka 1989, huandaliwa shindano liitwalo Rhino Charge. Mshindi si aliyekimbia sana, bali aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. La muhimu kwetu ni kwamba kila gari linaloshiriki huja na ahadi za michango kutoka kwa ndugu, marafiki na makampuni. Kwa fedha hizo umejengwa uzio wa umeme kuzunguka msitu wa Aberdare, wenye urefu wa karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Uzio huo haukutokana na viingilio vya watazamaji.

Hata hapa kwetu jambo hili si geni. Waendesha baiskeli wa msafara wa Twende Butiama wamekuwa wakitoka Dar es Salaam hadi Butiama kumuenzi Mwalimu, wakipanda miti na kusaidia shule njiani. Kama watu wanaweza kuvuka nchi kwa kukanyaga pedali, Land Rover ya mwaka 1962 haishindwi kutoka Musoma hadi Bunda. Kwa dua na fundi mzuri.

Njia tunayopendekeza ni hii. Siku ya kwanza magari yataondoka Musoma mjini, ziwa likiwa pande zote mbili za rasi, yafike Makutano na kuingia Butiama. Huko wageni watatembelea Makumbusho ya Mwalimu Nyerere na kaburi lake Mwitongo, kati ya yale mawe makubwa ambayo kila aliyefika anayakumbuka. Siku ya pili yatapita Kiabakari na kushuka hadi Bunda, yamalizie chini ya kilima cha Balili. Ukipanda pale unaliona Ziwa Victoria upande mmoja na uwanda wa Serengeti upande mwingine. Geti la Ndabaka halipo mbali, lakini hatutaingia hifadhini. Viingilio vingekula michango. Anayetaka kuona wanyama ataingia kwa gharama zake baada ya msafara kufungwa.

Wapo watakaokumbuka kwamba Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Njia ya Mwanza hupita Bunda. Kwa hiyo sehemu hiyo tutakwenda taratibu kidogo, si haba.

Sasa tuje kwenye siku, ambako tulibishana sana. Jumapili ni ibada. Jumamosi ni Sabato ya majirani zetu Waadventista, nao Mara ni wengi, hatuwezi kupiga honi mbele ya makanisa yao. Tukafikia Alhamisi na Ijumaa, na Ijumaa tumalize kabla ya swala ya mchana. Mjumbe mmoja alisema siku za kazi hazitaleta watu wengi barabarani. Sisi tunaona hiyo ndiyo faida yake. Watoto watakuwa madarasani. Magari yakiondoka saa 3 asubuhi yatakuwa yamefika kabla shule hazijafunga. Tutaepuka pia siku za mnada, maana anayeifahamu barabara ya Bunda anajua ng'ombe hawasomi ratiba. Kila gari litapewa muda wa kufika kituoni, na atakayewahi atakatwa alama sawasawa na atakayechelewa. Askari wa usalama barabarani watakuwa mbele na nyuma, kukiwa na gari la wagonjwa. Bila bima hai, na bila breki zilizokaguliwa na fundi wetu, gari halitaondoka, hata kama mwenyewe ni mfadhili mkubwa.

Mwezi tunaoupendekeza ni Septemba, na sababu kubwa si mvua. Kwa baadhi ya jamii za mkoa wetu msimu wa ukeketaji huja na likizo ya Desemba. Hapo ndipo wasichana hukimbia usiku, wengine bila viatu. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba wanawake wa Mara waliokeketwa wamepungua kutoka asilimia 32 mwaka 2015/16 hadi 28 mwaka 2022. Kupungua kupo, lakini ni kwa pole pole. Magodoro, chakula, sabuni na nauli za kwenda polisi na mahakamani lazima viwepo ifikapo mwisho wa Novemba. Fedha itakayoingia Januari itamkuta msichana amekwisha kurudishwa kwa waliokuwa wakimsubiri.

Kuhusu fedha zenyewe, tunapendekeza kila gari lilete ahadi zisizopungua shilingi 1,000,000. Magari 12 yatatupa milioni 12. Gharama za msafara zisizidi sehemu moja ya kumi ya mapato, na zilipwe na wadhamini kwanza. Akaunti iwe ya peke yake, yenye watia saini watatu, mmoja wao akitoka nje ya ofisi yetu. Mchanganuo utabandikwa katika kila usharika uliopitiwa, na wafadhili watapata nakala hiyo hiyo, si nyingine iliyopambwa.

Jambo moja hatutalijadili tena. Wasichana hawatapangwa barabarani kuimba, wala hawatapigwa picha wakiwa wameegemea magari. Tunafahamu kwamba picha huvuta mchango. Lakini picha ya msichana aliyejificha inaweza kumfikia mjomba anayemtafuta. Wafadhili watakaotaka kuona kazi watakaa na walezi, wataona vitabu vya hesabu na stoo ya chakula.

Mengine ni madogo. Chakula cha mchana Butiama kitapikwa na kina mama wa sharika na kitalipiwa. Tusiwageuze wafanyakazi wa bure. Mafundi wanaojua kabureta na platini wamebaki wachache, hivyo kila usharika utuletee jina la fundi wake mzee. Wenye magari wajue kwamba petroli yenye risasi haipo tena, wajitayarishe.

Kamati za Musoma mjini, Kiabakari na Bunda tunaziomba majibu matatu kwa maandishi kabla ya kikao kijacho: uwanja wa kuegesha magari, choo kilicho karibu na uwanja huo, na mtu mmoja mwenye simu atakayekuwa macho siku zote mbili. Butiama tutakwenda wenyewe, kwa sababu Mwitongo ni nyumbani kwa watu, na ruhusa ya kwenda pale haiombwi kwa barua peke yake.