Wazee Wetu na Amri ya Ulinzi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee, Bofu, Likoni



Twawashukuru kwa kutupa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo kwa kawaida husemwa mlango ukiwa umefungwa. Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Alitujia mama mmoja wa mtaa huu, jicho limevimba. Tukamwita mumewe, tukawasikiza wote wawili, mume akaomba radhi, tukasoma fatiha, tukaondoka tukidhani tumesuluhisha. Mara ya pili tukafanya vivyo hivyo. Mara ya tatu hakuja kwetu. Alipelekwa hospitali, mkono umevunjika. Nia yetu haikuwa mbaya, lakini waliomrudisha nyumbani ni sisi.

Na sheria ipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 29, yampa kila mtu haki ya kutofanyiwa jeuri, itoke kwa wenye mamlaka au kwa mtu binafsi. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani. Wengi wetu hudhani dhuluma ni kipigo tu. Sheria hii yahesabu pia matusi, vitisho, kumnyima mtu matumizi, kumharibia mali, kuwaoza watoto, hata wakwe kuingilia ndoa ya watu. Wala haimlindi mke peke yake. Mume, mtoto, mzazi na mtalaka wote wamo.

Wazee wachelea kwamba mahakama itavunja nyumba. Basi amri ya ulinzi ni nini? Si talaka, wala si kifungo. Ni amri ya hakimu imkatazayo mtu kumdhuru mwenzake. Jambo likiwa la haraka, hakimu aweza kutoa amri ya muda hata kabla ya kumsikiza yule anayelalamikiwa. Aweza pia kuamuru mwenye jeuri ndiye atoke nyumbani, ijapokuwa nyumba ni mali yake. Kwetu sisi, tuliozoea kumwona mke akitoka usiku na watoto na kanga moja begani, neno hili ni zito. Aivunjaye amri ndiye atendaye kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili.

Talaka za Waislamu zabaki kwa Kadhi kama zamani. Nayo suluhu ya wazee ina heshima yake, na ugomvi mwingi wa mashemeji umekwisha barazani petu. Lakini suluhu haina askari.

Polisi wapaswa kumweleza mwenye kudhulumiwa njia zilizo wazi kwake, na mwanamke aweza kuandikisha maelezo kwa askari mwanamke. Jirani naye aweza kupeleka habari. Simu ya msaada, bila malipo, ni 1195.

Shida ya Bofu ni njia. Hospitali kuu ya Pwani iko ng'ambo ya kivuko, na mwenye maumivu hasubiri feri peke yake akatulia. Wengi hurudi nyumbani. Kwa hiyo kamati imeazimia kwamba shauri lenye jeraha halitasikizwa tena barazani. Mama wawili wanachama watamsindikiza mwenye shida mpaka polisi na hospitali, na nauli yao itatoka katika mfuko wa chama. Twawaomba wazee waikubali gharama hiyo katika hesabu za mwaka ujao.