Ajali isiyoandikwa



Mchukuzi akiteleza na gunia la kahawa bandarini Kemondo, wenzake humkimbiza zahanati na kazi ikaendelea. Kama hakuna aliyeandika lolote, fidia yake imeanza kupotea hapo hapo.

Sheria ya zamani ilikomea shilingi 108,000 kwa kilema cha kudumu. Ile ilikuwa dhihaka. Sheria Na. 20 ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na waajiri peke yao, Serikali ikiwemo. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Lakini dai lisipofikishwa katika miezi 12 tangu ajali, haki hupotea.

Basi ninyi wenye kalamu msingoje kuombwa. Andikeni siku ile ile: saa, mahali, mashahidi, mwajiri. (Mwalimu aliyevunjika mguu akiwa kazini naye ana haki hiyo, wengi husahau.) Na kabla meli haijafunga gati, msimamizi aulizwe: ubao wa kupandia umekauka? Viatu na glavu viko wapi? Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri avitoe kwa gharama yake mwenyewe.