Baada ya Kengele ya Mwisho



Huko muendako, walimu wapya, ipo siku mtaombwa mzungumze na wanafunzi kuhusu dawa za kulevya. Wengi wetu tulipokuwa shuleni somo hilo lilikuwa vitisho: picha ya teja aliyesinzia kichochoroni, onyo la kifungo, basi. Nawaomba msilirudie, na sababu ninayo.

Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles, Marekani, pamoja na shule za jiji hilo walianzisha mpango wa DARE. Askari mwenye sare aliingia darasani kuwaeleza watoto ubaya wa bangi, kokeini na pombe. Wazazi waliupenda, fedha zikamiminika, ukaenea nchi nzima. Miaka ya 1990 watafiti waliwafuatilia watoto wale, wakakuta waliopitia DARE na wasioipitia hawapishani sana katika kutumia dawa. Mtoto alizijua hatari zote, lakini kuzijua peke yake hakukumwezesha kumkatalia rafiki yake wa karibu. Mwaka 2009 mpango wenyewe ukabadili mtaala, ukatilia mkazo zaidi mazoezi ya kuamua na kukataa.

Iceland walifika mbali zaidi, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa pombe ndani ya mwezi uliotangulia. Wakubwa wakawa wanawauliza vijana wenyewe, mwaka hadi mwaka: jioni mnakuwa wapi, na nani, wazazi wanajua? Majibu yakazaa michezo, madarasa ya muziki, ruzuku ya ada za klabu, na wazazi waliokubaliana saa ya watoto kurudi nyumbani. Kufikia 2016 ilibaki asilimia 5.

Fedha za Iceland hatuna. Maswali yao, hata hivyo, mwalimu yeyote anaweza kuyauliza. Na sisi Tanzania tumeshaanza kubadilika: tangu tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini ianze Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, teja amepata mlango wa kuingilia akiwa mgonjwa. Shule nayo ifungue wake. Mtoro akirudi, muulizeni alikuwa wapi kabla hamjafikiria fimbo. Kengele ya mwisho ikilia, mwombeni mkuu wa shule uwanja usifungwe, na mmoja wenu abaki na watoto.