Fundi Yuko Wapi?

Wasikilizaji, habari ya Makumbusho ya Powerhouse pale Ultimo, jijini Sydney, mmeshaisikia, hatuna haja ya kuirudia. Tarehe 5 Februari 2024 milango ilifungwa, ukarabati wa dola milioni 250 ukafuata, na tuliambiwa tuvumilie hadi miaka mitatu. Wakubwa wanabishana juu ya matofali na paa. Waacheni wabishane. Kituo hiki kina swali lake, na leo tutaliuliza mpaka lizoeleke: siku maonyesho ya watangulizi wa usafiri wa ndege yatakapowekwa tena mbele ya watu, fundi atakuwa wapi?

Katika hazina ya makumbusho hayo imo ndege ya Blériot aliyoirusha Mfaransa Maurice Guillaux mwezi Julai 1914 kutoka Melbourne hadi Sydney, akibeba barua za kwanza kusafirishwa kwa ndege nchini Australia. Mtoto wa hapa kwetu Quakers Hill anayepelekwa kuiona ndege ya namna hiyo hurudi nyumbani na jina la rubani. Swali lake la pili, nani aliiunda, nani aliikaza boliti, nani aliilaza usiku na kuiamsha alfajiri, halipati wa kulijibu.

Imo pia mifano ya vyombo vya kuruka ya mvumbuzi Lawrence Hargrave, na hapa tunaomba mtuvumilie kidogo. Tarehe 12 Novemba 1894, pwani ya Stanwell Park, kusini ya jiji hili, Hargrave aliunganisha tiara nne za umbo la sanduku, akakaa chini yake, upepo ukamnyanyua karibu mita tano. Dunia inamkumbuka, na anastahili. Sura yake ilikaa miaka mingi kwenye noti ya dola 20. Lakini siku ile hakuwa peke yake. Alikuwa na James Swain, mtunzaji wa shamba la familia, aliyeshughulika naye kwenye kamba na upepo ule ule. Swain aliishia kuwa mtu wa mstari mmoja katika vitabu, na mara nyingi hata mstari huo haupo.

Hargrave mwenyewe hakuchukua hataza kwa uvumbuzi wake, aliugawa bure kwa kila aliyeuhitaji. Alipotaka mifano yake itunzwe hapa nyumbani, hakupata wa kuipokea kwa masharti yake, ikaenda Munich, Ujerumani. Vita Kuu ya Pili iliangamiza sehemu kubwa. Iliyonusurika ndiyo iliyorudi Sydney. Kwa hiyo mkituona tunashtuka kila tukisikia vitu vya makumbusho vinafungwa makashani na kuhamishwa, mjue tunashtuka kwa sababu. Mji huu ulishawahi kuipoteza historia ya kuruka kwa kukosa rafu ya kuiweka.

Turudi kwa fundi. Ndugu wawili Wright, Orville na Wilbur, kila mtu anawajua: tarehe 17 Desemba 1903, sekunde 12 angani, mita 36 hivi. Injini ya ndege ile iliundwa na Charlie Taylor, fundi wao wa karakana ya baiskeli huko Dayton. Bila injini yake, pale Kitty Hawk waliporukia kungekuwa na tiara kubwa tu. Fundi yuko wapi?

Na Afrika Mashariki je? Katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Wajerumani Königsberg ilipojificha katika mikono ya mto Rufiji, Waingereza waliisaka kwa ndege zilizokuwa bado changa. Uwanja ukaandaliwa kisiwani Mafia, na tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwenzake Arnold waliruka juu ya delta wakielekeza mizinga iliyoiangamiza manowari ile. Cull yumo vitabuni. Arnold yumo vitabuni. Nani alifyeka kichaka cha uwanja ule? Nani alibeba madebe ya mafuta juani? Hao ni babu zetu, wasikilizaji, na hawamo.

Wala tusiende mbali. Hapa hapa Quakers Hill, penye vyuo na shule za Nirimba, palikuwa na uwanja wa ndege uliojengwa wakati wa vita, mwaka 1942. Baadaye jeshi la majini likaufanya kambi ya HMAS Nirimba, na kuanzia 1956 vijana walifundishwa ufundi hapo, mpaka kambi ilipofungwa 1994. Vijana wetu wanaosoma chuo cha TAFE pale leo wanakanyaga ardhi ya mafundi wa ndege. Wangapi wameambiwa?

Sasa sikilizeni. Powerhouse mpya inajengwa Parramatta, kwenye njia yetu hii hii ya treni, vituo vichache tu kupita Blacktown. Uwanja wa ndege wa Badgerys Creek, uliopewa jina la rubani Nancy-Bird Walton, ulipangwa kufunguliwa 2026. Magharibi ya Sydney inapewa makumbusho na inapewa ndege, na wanaomwaga zege, watakaobeba mizigo na kusafisha viti ni sisi na watoto wetu. Tusikubali tena kuwa mikono isiyo na jina!

Mama, baba, waandikieni makumbusho. Andikeni kwa Kiswahili kama Kiingereza kinasumbua, watafute wa kuwatafsiria. Waambieni jina la fundi liandikwe kwa herufi zilizo sawa na za rubani. Walimu wa Nirimba, wapelekeni wanafunzi wakaulize. Na wewe mwenye mzee aliyefanya kazi Embakasi, Entebbe, Goma au Dar es Salaam, mzee aliyeshika spana siku za East African Airways kabla haijafa mwaka 1977, usingoje msiba. Washa simu, kaa naye, mrekodi, kisha yapelekee makumbusho sauti yake. Wakikataa kuipokea, tuletee sisi. Tutaitangaza.