Mji wa Bima Waweza Kuwa Mji wa Kompyuta?

Hotuba kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa. Mwishoni kuna maswali ya kuzungumzia katika kikundi chenu.



Nimepewa swali na vijana. Wanasema hivi: "Kazi za kompyuta zote ziko Nairobi, na kule ng'ambo ziko California. Sasa mji mdogo utapata nini?" Sikutaka kujibu kwa kubahatisha. Nimeona afadhali tuangalie mji mmoja ambao umekuwa ukijiuliza swali hilo hilo kwa miaka mingi, na mara umefaulu, mara umeshindwa.

Mji huo ni Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, Marekani. Wenyewe wanautamka "Di-Moin". Nimeuchagua kwa sababu mtauelewa. Ukitoka nje ya mji unakutana na mahindi, na ukiyamaliza mahindi unakutana na mahindi mengine. Pia wanafuga nguruwe wengi sana. Wala si mji mkubwa. Katika hesabu ya watu ya 2020 ulikuwa na watu 214,133. Eldoret yetu, katika hesabu ya 2019, ilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hao. Lakini mji huu unajulikana kote Marekani kwa kazi moja: bima.

Bima ilianzaje katikati ya mahindi?

Ilianza kwa watu kusaidiana. Wakulima wa Iowa waliunda vyama vyao katika kila wilaya, ili ghala la mmoja likipigwa radi au kuchomeka, wengine wamchangie. Mwaka wa 1867 Frederick Hubbell na wenzake walianzisha kampuni ya bima ya maisha mjini Des Moines. Mwaka wa 1879 mtu wa benki aitwaye Edward Temple akaanzisha chama cha watu wa benki. Mmoja akifa, waliobaki wanatoa mchango na familia yake inapewa pesa.

Akina mama, si hayo ndiyo tunayofanya kwa matanga?

Lakini mchango wa namna hiyo una shida moja. Wanachama wakizeeka, vifo vinaongezeka, michango inapanda, na vijana wanakimbia. Kwa hivyo mwaka wa 1911 chama kile cha Temple kiligeuzwa, kikawa kampuni ya kuweka akiba mapema kwa mahesabu maalum. Leo kinaitwa Principal, na bado makao yake yako Des Moines. Kampuni nyingine zilifuata. Serikali ya jimbo ilipunguza kodi ya bima ili zisihame, na vyuo kama Drake vikafundisha vijana mahesabu ya kazi hiyo.

Sasa mtaniuliza: bima na kompyuta zinahusiana wapi? Zinahusiana sana. Bima ni ahadi iliyoandikwa. Unanilipa leo, nami nitakulipa wewe au watoto wako baada ya miaka thelathini. Ahadi hiyo inahitaji daftari lisilopotea, na watu wakiwa laki kadhaa, daftari la mkono halitoshi. Ndiyo sababu kampuni za bima za Marekani zilikuwa kati ya wanunuzi wa kwanza wa kompyuta, miaka ya 1950. Kwa hivyo mji wa bima una watu wengi wanaojua kuandika programu, wameketi maofisini na tai shingoni. Hakuna anayewaita watu wa teknolojia, na wao wenyewe hawajiiti hivyo.

Hapo ndipo swali la vijana linapoanza. Watu hao na ujuzi huo, je, vinatosha? Nina hadithi tatu, na zote ni za kweli.

Hadithi ya kwanza: mashine iliyofunguliwa ikawa vyuma

Karibu kilomita 50 kaskazini ya Des Moines kuna mji wa Ames, wenye chuo. Hapo alifundisha mwalimu wa fizikia, John Atanasoff. Usiku mmoja wa baridi, kati ya 1937 na 1938, alikuwa amechoshwa na mahesabu marefu. Akaingia katika gari, akaendesha mpaka jimbo jirani la Illinois, akaketi katika baa moja. Huko mawazo yakamjia: mashine ya kuhesabu kwa umeme, kwa kutumia tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Mwaka wa 1939 chuo kikampa dola 650. Yeye na mwanafunzi wake Clifford Berry wakaanza kuijenga katika chumba cha chini cha jengo.

Mwaka wa 1941 alikuja mgeni, John Mauchly. Akakaribishwa nyumbani, akalala huko siku kadhaa, akaonyeshwa mashine na maandishi yake. Mwaka wa 1942 Atanasoff akaitwa kwenye kazi za vita. Hati ya kulinda uvumbuzi wake ilitakiwa ipelekwe serikalini. Haikupelekwa. Baadaye chuo kilihitaji nafasi, mashine ikafunguliwa, vipande vikatawanywa. Mwaka wa 1946 Mauchly na mwenzake wakaonyesha dunia kompyuta yao kubwa kule Philadelphia, na sifa ikawa yao.

Mambo hayo yalifika mahakamani. Mwaka wa 1973 hakimu mmoja wa Minneapolis aliamua kwamba mawazo ya msingi yalitoka kwa Atanasoff, na hati ya Mauchly ikafutwa. Haki ilipatikana, ndiyo, lakini miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita, na viwanda vya kompyuta vilikuwa vimejengwa mahali pengine.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Iowa haikukosa akili. Ilikosa mtu wa kupeleka karatasi, na mtu wa kusema, "Kitu hiki ni chetu, tukitunze."

Hadithi ya pili: pesa za jirani

Mwaka wa 2008 kijana aitwaye Ben Milne alikuwa akiuza spika kwa intaneti kutoka Iowa. Alipopiga hesabu aliona kwamba kampuni za kadi za malipo zilimkata karibu dola 55,000 kwa mwaka. Akakasirika. Lakini hakuishia kwa hasira. Alianzisha Des Moines kampuni ya kutuma pesa kwa bei nafuu bila kadi, akaiita Dwolla.

Nani alimwamini kwanza? Si matajiri wa California. Mwaka wa 2010 alipata dola milioni moja, na kati ya waliotoa ni chama cha akiba na mikopo cha mji wa Waterloo, huko huko Iowa. Yaani SACCO! Watu wa akiba ndogo ndogo walimwelewa, kwa sababu shida yake ilikuwa shida yao. Baadaye ndipo watu wa New York nao wakaleta pesa.

Sitaficha upande wa pili. Mwaka wa 2016 serikali ya Marekani iliitoza Dwolla faini ya dola 100,000, kwa kuwaambia wateja kwamba siri zao zinalindwa kuliko ilivyokuwa kweli. Mji wa bima unaishi kwa kuaminiwa, na kijana wa kompyuta hawezi kusema, "Hilo tutarekebisha kesho."

Kampuni za bima nazo ziliamka. Ziliona kwamba vijana wa mbali wanaweza kuzinyang'anya kazi kwa programu mpya. Basi saba kati yao, ambazo kwa kawaida zinashindana, zilitia pesa katika chungu kimoja. Kuanzia 2015 zikawa zinaalika kampuni changa za watu wawili watatu zije Des Moines kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kampuni changa ilipewa pesa kidogo za kuanzia. Lakini kubwa kuliko pesa, ilipewa wakubwa wa bima wa kukaa nayo na kuiambia, "Hapa umekosea. Kazi yetu haifanywi hivyo."

Hilo huwezi kulipata kirahisi California. Kule kuna pesa na wajuzi wa kompyuta, lakini mtu aliyelipa madai ya mvua ya mawe miaka ishirini, huyo yuko Des Moines.

Hadithi ya tatu: mgeni mwenye kiu

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa sikilizeni.

Mwaka wa 2008 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba itajenga majumba makubwa ya kuweka kompyuta zake katika mji wa West Des Moines, ambao umepakana na Des Moines. Facebook nayo ikatangaza mwaka wa 2013 kujenga Altoona, upande wa mashariki. Kwa nini huko? Ardhi ni tambarare, umeme upo kwa bei nzuri, na serikali ilipunguza kodi. Watu walifurahi. Wakasema, basi sasa tumekuwa mji wa teknolojia.

Ni kweli mgeni alileta faida. Kulikuwa na kazi za ujenzi, na kuna kodi ya majengo. Lakini jumba likiisha kujengwa, linaajiri watu wachache ukilinganisha na ukubwa wake. Na kompyuta hizo zinapata joto. Siku za jua kali zinapozwa kwa maji.

Mwaka wa 2022 majumba ya West Des Moines yalitumika kufundisha kompyuta kuandika na kujibu maswali kama mtu, ile inayoitwa akili bandia. Mwezi wa Julai peke yake yalivuta zaidi ya lita milioni 43 za maji. Akina mama, hiyo ni zaidi ya mitungi milioni mbili ya lita ishirini. Ilikuwa karibu asilimia 6 ya maji yote ya eneo hilo kwa mwezi huo. Watu wengi walikuja kujua mwaka wa 2023 kupitia magazeti. Shirika la maji la mji nalo likasema kwamba miradi mingine ya kampuni hiyo itafikiriwa tu ikiwa itapunguza maji inayotumia wakati wa haja kubwa.

Msiseme Iowa maji ni mengi. Mwezi wa Juni 2025 watu wa Des Moines walikatazwa kumwagilia nyasi zao. Mito ilikuwa imejaa naitreti, kwa sehemu kubwa kutoka mashambani, na mitambo ya kusafisha ilizidiwa.

Basi jibu ni nini?

Jibu langu ni ndiyo, mji mdogo wa bima unaweza. Lakini hautakuwa California, wala usijaribu. Ulipofaulu ni pale ulipotumia shida inayoijua vizuri na pesa za watu wake, na wenye kazi ya zamani walipokubali kukaa meza moja na vijana. Uliposhindwa ni pale ulipoacha chake kipotee. Na unapokaribisha majumba makubwa, ni lazima uulize swali la mwenyeji: mgeni huyu atakula nini, na atatuachia nini?

Msifikiri haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka wa 2009, upande wa Nanyuki, wakulima wapatao mia mbili waliwekewa bima ya mahindi kwa mpango ulioitwa Kilimo Salama. Vituo vidogo vya hali ya hewa vilipima mvua. Mvua ilipokosa, walilipwa kwa M-Pesa, bila mtu kuja kukagua shamba. Hiyo ni bima, na hiyo ni teknolojia. Haikungoja mji mkubwa, ilifuata shida mahali ilipo.

Vijana, msiniulize tena kama kompyuta zitakuja. Zitakuja. Niulizeni tunajua kazi gani kuliko watu wengine, na ni nani ameiandika katika daftari.



Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Ni kazi gani ambayo watu wa hapa kwetu wanaijua vizuri kuliko watu wa nje? Nani amewahi kuiandika?

2. Michango yetu ya matanga ikoje? Vijana wanaingia au wanatoka? Kwa nini?

3. Kijana wetu akija na wazo jipya, chama chetu kinaweza kumsaidia namna gani? Tutamwuliza nini kwanza?

4. Kampuni kubwa ikitaka ardhi na maji yetu, ni maswali gani matatu tutakayouliza kabla ya kutia sahihi?