Kabla ya Kununua Kisagio cha Chumvi na Pilipili Manga

 Msikilizaji wetu uliye Nyakabanda, ukishuka Kimisagara au ukipanda Nyamirambo kununua kisagio, usitazame rangi kwanza. Kifungue, ukague meno yake. Meno ya chuma huvunja punje za pilipili manga vizuri, lakini chumvi huyafanya yashike kutu. Ya kauri hayashiki kutu, kwa hiyo yanafaa kwa vyote viwili. Kizungushe hapohapo dukani. Kikikwama, kirudishe rafuni.

Kwa pilipili manga, kisagio kina faida kubwa. Harufu ya pilipili hiyo hutoka kwenye mafuta yanayopotea hewani punje ikishavunjwa, ndiyo maana unga uliokaa miezi kabatini hubaki na ukali tu. Pesa ikiwa haba, kinu kidogo na mchi wake vinatosha kabisa.

Chumvi ni jambo jingine. Haina harufu ya kupotea, basi kuisaga mezani hakuifanyi iwe tamu zaidi. Tena chumvi ya mawe inayouzwa kwa ajili ya visagio mara nyingi haina madini joto, na hapo ndipo ninapoomba tuwe makini: mwili huyahitaji kujikinga na rovu, na mama mjamzito huyahitaji kwa ajili ya ubongo wa mtoto aliye tumboni. Soma pakiti, uchague chumvi yenye madini joto. Ihifadhi chumvi hiyo kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke wa sufuria. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na chumvi iliyomo kwenye mkate.