Nyumba Nyepesi ya Chuma na Kioo

Wako watu wasemao kwamba nyumba ya chuma na kioo hapa kwetu ni tanuri tu. Huwa tanuri kweli, kama mwenyewe hakulifikiri jua, na fedha ya korosho ya misimu kadhaa ikawa imekwisha.

Fundi mmoja Mfaransa, Jean Prouvé, alibuni nyumba nyepesi ya chuma na alumini kwa ajili ya nchi za joto. Ya kwanza ilipelekwa Niamey kwa ndege, vipande vipande, mwaka 1949. Mbili zikafuata Brazzaville mwaka 1951. Paa lilikuwa la tabaka mbili, hewa ikipita katikati na kutokea juu kabisa. Hazikuongezwa nyingine, maana gharama ilizidi. Lakini akili ile twaweza kuichukua bure.

Mnero iko yapata digrii 10 kusini ya Ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana huinamia kaskazini, Desemba, kusini. Basi nyumba iwe ndefu toka mashariki hata magharibi, na vioo vitazame kaskazini na kusini. Magharibi usiweke kioo hata kimoja. Jua la jioni hupita chini ya upenu wowote, likaja kukaa nawe sebuleni kama mgeni asiyeaga.

Upenu nao una hesabu yake. Mchana wa Juni, upenu wa meta 1 upande wa kaskazini hutia kivuli ukutani meta 1 na nusu kwenda chini. Baraza ya meta 2 hutia meta 3, yaani kioo cha kutoka sakafuni hata darini. Kusini meta 1 yatosha. Na vioo vifunguke, kwani kioo kisichofunguka hunasa joto ndani.

Fadhili ya chuma huonekana usiku. Ukuta mnene wa tofali huweka joto la mchana na kulitoa mmelala. Ukuta mwembamba hupoa mara jua likizama. Ila wepesi huo huo hupendwa na upepo. Nguzo zifungwe kwa bolti katika saruji, na paa lifungwe kwa bolti kwenye nguzo, misumari haifai.

Kazi ya juma hili: simamisheni kijiti wima kiwanjani, mtie alama ya kivuli chake asubuhi, mchana na jioni.